Mahali Pasipochotwa Tope

"Si huko, binti!" Dereva, mzee aliyebakiwa na jina hilo tangu enzi za lori la kiwanda, alikita kasia, mashua ikageuka. "Huko kuna miamba. Utatuzamisha."

Mtafiti hakubisha. Aliandika kitu daftarini. "Haya, baba. Mwenyeji ni wewe."

Ilikuwa mara ya tatu. Walipotokea kusini, Dereva alisingizia mkondo. Walipotokea magharibi, magugu. Sasa miamba.

Tangu asubuhi walilizunguka lile ziwa la chumvi, wakitafuta sumu ya mionzi. Mtafiti alizamisha bomba, akavuta tope, akajaza chupa. Haraka haraka, hata lebo habandiki.

Mtaalamu gani huyu? Dereva akashusha pumzi. Afadhali.

Miaka thelathini na miwili sasa. Mapipa arobaini na moja, kayaleta yeye na lori lake, kayasukuma majini kwa mikono yake, kwa amri ya kiwanda. "Rangi iliyoganda tu," walimwambia. Rangi gani hiyo, inayopakiwa na watu waliovaa glavu mpaka mabegani? Mabosi walishasahau. Bosi hana kumbukumbu, ana pensheni. Lakini likifumuka, ataanza kukamatwa nani? Mnyonge ndiye mwenye anwani.

Kwa hiyo alinyamaza. Wajukuu zake aliwakataza hata kunawa miguu humo. Watoto wa wenzie je? Hao aliwatazama wakiogelea, kila siku ya Mungu.

"Baba, wale wanaoogelea kule ni watoto wa nani?"

"Wa watu."

"Wako hawamo?"

"Wangu..." Alikohoa. "Wangu maji hawayapendi."

"Wana bahati," mtafiti akasema. Dereva akakazana na kasia, jasho likimtoka kuliko kazi ilivyodai.

Walipofika ufukweni, mtafiti alifungua chupa ya kwanza, akaimwaga majini. Ya pili. Ya tatu. Kisha tope lote.

"Mwanangu, una wazimu? Kazi ya kutwa nzima hiyo!"

"Kazi iko hapa." Alimfunulia daftari. Ziwa lilikuwa limechorwa, na hapakuwa na alama hata moja pale walipochota. Palikuwa na mistari mitatu tu, kila mmoja ukianzia mahali Dereva alipogeuza mashua na kuelekea alikokataa kupita, yote ikikatana kwenye nukta moja.

"Kiwanda kilichoma makaratasi yote, baba," alisema taratibu. "Nikaona nikukodi wewe."