Nywele Ndani ya Feni

Muuzaji wa Kitshanga aliweka kadi mbili za grafiki za kompyuta mezani. "Papa, kama ni ya kuandika na kuona mapicha tu, kamata hii ndogo. Hii njo bei ya raiya."

Ndogo ilinitosha. Niliipuliza vumbi, nikaigeuza kuelekea mwanga wa mlangoni.

Nyuzi za zambarau zilikuwa zimejizungusha kwenye feni. Nywele za kusukia. Nikajiambia zinauzwa kila soko.

Lakini skrubu moja haikuwa skrubu. Ilikuwa kipande cha waya wa gurudumu la baiskeli, nilichokikunja mwenyewe kule Kibabi, nilipokuwa nikifunga kadi kwenye kompyuta ya dada yangu Kahambu. Alikuwa akisuka watu kando ya kompyuta hiyo mpaka siku wenye bunduki walipoingia. Hatujamwona tena.

"Uchafu tu," muuzaji akacheka. Akalamba kidole, akazing'oa nywele, akazipangusa kwenye suruali yake.

Niliirudisha kadi mezani.

"Iko nini, Papa? Kama hautaki hii, ngojea. Bale bavijana benye kuniletea banakuja leo na zingine."

Nilivuta kigoda mpaka mlangoni, nikaketi.