Mwanamume wa Saa Nne

Saa nne kasorobo asubuhi, fundi wa kampuni ya simu na intaneti alikuwa juu ya nguzo iliyo mkabala na nyumba yake mwenyewe, amejifunga mkanda, koleo mkononi. Hakuna aliyemtuma. Kwa mujibu wa karatasi yake ya kazi, muda ule alitakiwa kuwa mtaa wa tatu, akimfungia daktari wa meno intaneti.

Chini, ndani ya gari la kampuni, kulikuwa na begi la nguo zake. Alikwishakata shauri. Akimsikia huyo mwanamume anayeongea na mkewe kwa masikio yake mwenyewe, angeikata laini ya nyumba, aende kwa kaka yake, na asirudi tena.

Wiki tatu nyuma alikuwa amerudi nyumbani ghafla kuchukua ufunguo aliousahau. Kabla hajashika kitasa akasikia, kupitia dirisha la jikoni, sauti ya mwanamume ikitoka kwenye spika ya simu. Ilikuwa nzito, tulivu, isiyo na haraka. Mkewe alikuwa akikunja nguo huku anatabasamu, na tabasamu lile fundi alilijua. Zamani lilikuwa lake. Alipoingia, mkewe akabonyeza simu, ikanyamaza.

Alipomuuliza anaongea na nani, mkewe akasema ni watu wa kampuni, ati intaneti inasuasua. Fundi akaipima intaneti hapo hapo. Ilikuwa inakimbia kama mwizi.

Wivu ukishaingia hauombi kiti. Tangu siku ile, kila ikifika saa nne, fundi alipiga simu nyumbani akiwa kazini, na kila siku alikuta laini inatumika. Nusu saa nzima.

Watu wa kampuni! Basi alimjua. Ni yule kijana wa huduma kwa wateja, ambaye mafundi wanamwita Bwana Tai kwa sababu havui tai hata kwenye joto. Fundi alianza na kampuni ile ikiwa na watu watano, chumba kimoja na stoo. Enzi hizo alichimba mitaro, akavuta nyaya, akapaka gari rangi, akafanya lolote bosi alilomwambia. Siku hizi kazi za kuongea zina wenyewe, wanakaa kwenye kiyoyozi, na mafundi huitwa kwa redio ya gari tu. Namba ambayo wateja huipigia kampuni hata hakuikumbuka. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Jana yake, wakati wa kula, alimtega mkewe. Alimuuliza, kama mzaha, kama watu wa kampuni wanamhudumia vizuri. Mkewe hakushtuka.

"Yupo mmoja," alisema. "Huyo anajua kuongea na mtu. Hachoki, hagombi."

"Na mimi?"

"Wewe, Baba Mapacha, maneno mazuri unayamalizia kwenye nyumba za watu. Ukifika hapa unabaki na mm."

"Mm," fundi akajibu, akaendelea kula. Tangu mapacha waende shule ya bweni, maongezi ya nyumba ile yalikuwa hayo.

Sasa saa nne ikafika. Kutoka juu ya nguzo, kupitia dirisha la jikoni, alimwona mkewe akikaa karibu na simu, kikapu cha nguo miguuni. Fundi akachukua simu ya kupimia, ile yenye vibanio viwili, akavibana kwenye waya wa nyumba yake na kuweka sikio. Mkewe akabonyeza namba. Simu ikaita mara moja tu, ikapokewa.

"Karibu," ikasema ile sauti. "Nafurahi umepiga. Naomba usikate, hata kama nitachelewa kidogo. Nipo hapa kwa ajili yako." Kisha akakohoa kidogo, kama mtu aliyeona haya.

"Sikati," mkewe akajibu kwa upole.

Fundi akaikandamiza simu sikioni. Huyu hakuwa Bwana Tai. Bwana Tai huongea kwa pua. Huyu alikuwa mwanamume aliyetulia, kila neno analipa nafasi yake. Fundi alihisi aliwahi kumsikia mahali, hakukumbuka wapi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba, kama angejaliwa, naye angependa kuongea vile. Akamchukia mpaka akasikia uchungu mdomoni.

"Sema tena," mkewe akasema, kichwa amekiegemeza ukutani, macho amefumba. Na mapajani alikuwa ameikumbatia ovaroli ya fundi. Amekumbatia nguo ya mumewe, anabembelezwa na mwingine! Dharau hiyo ndiyo iliyommaliza. Akalikumbuka begi lililo garini. Akaupeleka mdomo wa koleo kwenye waya, akaanza kubana.

"Karibu," sauti ikasema tena. "Nafurahi umepiga. Naomba usikate, hata kama nitachelewa kidogo. Nipo hapa kwa ajili yako."

Neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, na mwisho kikohozi kile kile.

Kilikuwa kikohozi cha vumbi. Vumbi la stoo, mwaka ule wa watu watano, siku bosi alipomkabidhi fundi karatasi ya salamu za wateja na kinasa sauti, akamwambia asome polepole, kama anaongea na mkewe.