Kunde Zisizoonjwa

Siku tatu kabla ya Ramadhani, Shamte alifukuzwa kazi hotelini kwa kuzidisha chumvi, ingawa alionja kila mchuzi mara tano.

Siku ya kwanza ya mfungo aliketi jikoni, akimtazama mama yake akipika kunde za nazi kwenye jiko la mkaa. Mama alikuwa amefunga, kwa hiyo hakuonja. Aliuinamia mvuke, akachota chumvi kwa vidole viwili, kisha nusu akairudisha koponi.

“Umejuaje, mama?”

“Ulimi wako umechoka, mwanangu. Nyamaza, sufuria inasema.”

Adhana ikalia. Shamte alionja kunde; chumvi ilikuwa sawasawa, na kijiko kikabaki hewani.

Sufuria ilikuwa bado inatokota. Akaisogelea polepole, akafumba macho, akainama kwenye mvuke.

“Mama,” akanong'ona, “inasema nini?”