Mstari Nyuma ya Philbert

"Hakuna kugeuka," alisema Mkurugenzi Budeba. "Ninyi wawili tazameni ukuta."

Philbert akautazama ukuta wa ghala. Kando yake alisimama Frida na kilemba chake cha manjano, ametulia kama mtu anayesubiri chai. Utulivu ule ulimuudhi Philbert kuliko kitu chochote duniani. Mtu unatuliaje wakati maisha yako yanapigiwa kura mgongoni kwako?

"Kampuni inafungua ghala jipya Mbeya, pale Mwanjelwa," Budeba aliwatangazia wafanyakazi. "Mmoja wa wasimamizi wenu hawa anakwenda kuwa meneja kule. Nyumba ipo, gari lipo. Mwenzake anabaki kuongoza hapa Ruaha Mbuyuni. Mimi nimechoka kuamua mambo ya watu nikiwa ofisini. Ninyi ndio mnaoshinda nao. Haya, kila mtu akapange mstari nyuma ya yule anayetaka aende."

Wachambuaji na wapakiaji wakainuka, maganda ya vitunguu yakichakarika chini ya ndala zao. Philbert akafumba macho. Umeneja alikuwa ameuota tangu ghala hili la Ruaha Mbuyuni lijengwe. Mungu wangu, asiuchukue huyu mwanamke.

Frida alimkera tangu siku alipoletwa. Akipita kwenye mafungu ya vitunguu, wanawake wanacheka. Akimkosoa mtu, mtu mwenyewe anamshukuru! Tangu lini mtu akashukuru kwa kukosolewa? Mtoto wa Severina, mmoja wa wachambuaji, alipougua, Severina alikwenda kumlilia shida Frida, na msimamizi wake ni Philbert! Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na kila akisikia kicheko upande wa Frida, ulizidi kuchoma.

Basi mkurugenzi alipowapeleka Iringa mjini kwenye semina ya uongozi na mawasiliano, Philbert aliwahi kiti cha mbele. Aliandika yote: Msikilize mtu kabla ya kumjibu. Mwite kwa jina lake. Mpongeze mbele ya wenzake. Kumbe dawa yake ndiyo hii, mjanja mkubwa! aliwaza, akigeuka kumwangalia Frida, ambaye wala hakuwa anaandika kitu.

Alirudi na moto. Kila asubuhi alisimama langoni akigawa salamu ya Kihehe, "kamwene", kwa Wahehe na wasio Wahehe, akiuliza habari za nyumbani huku jicho liko kwenye saa. Alimpongeza Sayi, kiongozi wa wapakiaji, kwa kulipanga lori vizuri, na kabla Sayi hajamaliza kutabasamu akamfokea kwa gunia lililokaa upande. Alimsikiliza Severina mpaka mwisho, akitikisa kichwa kama alivyofundishwa, kisha akamkatalia ruhusa.

Na dawa ikaonekana kukubali! Habari za Mbeya zilipoanza kuvuja, Sayi alimfuata mwenyewe mpaka kwenye mizani.

"Bosi, eti anayekwenda Mbeya anahamia kabisa?"

"Kabisa. Na familia."

"Hatakuwa anarudirudi huku?"

"Arudi kufanya nini, Sayi? Kazi itakuwa kule."

Sayi alishusha pumzi, akaenda kuwapasha wenzake. Wote wakageuka, wakamtazama Philbert. Masikini, wameshaanza kunikumbuka kabla sijaondoka, alijiambia, na kwa kweli aliguswa. Siku hiyo hiyo alimpigia binamu yake wa Mwanjelwa amchagulie sweta zito la mtumba. Baridi ya Mbeya si ya mchezo.

Lakini sasa, mbele ya ukuta, matumaini yote yalimwishia. Ndala zilikuwa zinakwenda upande wa Frida. Zile zinazoburuzwa ni za Severina, angezitambua hata usingizini. Zikasimama nyuma ya Frida. Bila shaka! Philbert akauma meno. Alishamwona Frida kwenye gari la kampuni, kilemba kimesimama, akipungia watu mkono. Heri lipate pancha njiani, pale pale Chimala.

Kisha kukawa na minong'ono, na ndala zikaanza kuburuzwa tena.

"Geukeni," alisema Budeba.

Philbert akageuka. Mstari ulianzia mgongoni kwake, ukapita kati ya mafungu ya vitunguu, ukatoka mlangoni hadi juani. Sayi alikuwa wa kwanza. Severina naye alikuwemo. Nyuma ya Frida hapakuwa na mtu, hata mmoja.

"Jamani!" Philbert alisema, sauti ikimkatika. "Sikujua kama mnanipenda hivi."

Wakampigia makofi, wanawake wakapiga vigelegele, Sayi akarusha kofia juu. Budeba akamshika mkono. "Nilikuwa na wasiwasi na wewe kwenye mambo ya kuongea na watu," alisema. "Nakuomba radhi. Jumatatu uwe Mbeya."

Frida alikuwa bado amesimama ukutani. Machozi yakaanza kumshuka. Philbert aliyaona, na moyo wake ukapoa kama umemwagiwa maji. Na wewe onja leo! Siku zote hizo za vicheko, leo onja na wewe.

Akakumbuka semina: mshindi humpa pole mwenzake. Akaweka uso wa huruma, akanyoosha mkono, akamwendea. Severina alikuwa amemtangulia. Alikuwa amempa Philbert mgongo, amemkumbatia Frida, anamfuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Nyamaza, dada Frida, usitufikirie vibaya," alikuwa akimnong'oneza. "Tungekupangia wewe mstari, si ungeondoka ukatuachia yeye?"