Anayeonja Kwanza

«Tuyau zimefika, citoyenne. Étape imeisha, tukate ruban,» alisema mkubwa wa ofisi, mkasi wa kukatia utepe tayari mkononi.

Cibalonza, kiongozi wa mradi wa maji, alikataa. Hatua hiyo aliipima mwenyewe: haikuisha kwa mabomba kufika, ingeisha maji yakifika nyumba ya mwisho, juu kabisa mtaani Cimpunda.

Wakapanda hadi huko. Bomba likakohoa, likatema tope jekundu, kisha maji safi.

Cibalonza akajaza kikombe, akakiinua aonje kabla ya kumpa mwenye nyumba. Kwetu anayempa mgeni kinywaji ndiye huonja kwanza.

Mwenye nyumba, mama mzee, akamnyang'anya kikombe. Akaonja yeye, polepole, maji yakimtiririka kidevuni, ndipo akamrudishia.

«Kunywa, mutoto yangu. Hapa weye uko mugeni.»

Cibalonza akanywa yote. Akamgeukia mkubwa.

«Sasa kata.»