Balbu Mbele ya Wakwe

Siku hizi hakuna ndoa mpaka bwana na bibi harusi waunde pawasaplai, kile kiboksi cha kupunguza umeme wa ukutani, na kuwasha balbu mbele ya wakwe. Tena kimyakimya. Anayefungua mdomo ameivunja harusi.

Bibi harusi, Wakesho, alikuwa amekaza waya wa mwisho alipoiona kapasita, kile kikopo cha kuhifadhi umeme, aliyoilehemu Mwakio. Mstari mweupe, ule wa hasi, umeelekea kwenye chanya. Ikipata umeme hivyo itavimba na kupasuka, na Mwakio ameinamia hapo hapo, anatabasamu.

Mama mkwe aliinua kidole: washeni. Mwakio akapeleka mkono kwenye swichi.

"Usiwashe!" Wakesho alipiga kelele. "Umeigeuza!"

Shangazi mmoja akaanza kukusanya kanga zake aondoke. Mwakio alichungulia, tabasamu likamtoka. Akaing'oa kapasita, akaigeuza, akailehemu upya. Balbu ikawaka, imetulia.

Wote wakamgeukia baba mkwe, mzee wa jicho moja, maana uamuzi ni wake. Mzee akacheka.

"Karibu nyumbani, mwanangu," alimwambia Wakesho. "Mke wangu naye siku yetu aliona. Akanyamaza."

Mama mkwe akaikazia macho balbu.