Mhakiki wa Pili

Kraaa. Kimya kidogo, halafu kraaa tena.

Profesa Wiebe Terpstra aliisikia sauti hiyo akiwa bado kwenye ngazi, akasimama. Ilikuwa tepu ya gundi tu. Ndani ya ukumbi ule wa Groningen watafiti vijana walikuwa wakibandika mabango ya kazi zao ubaoni, kama wafanyavyo kila mkutano wa Jumuiya ya Kimataifa ya Ikolojia ya Vijidudu. Lakini mmoja wao alikuwa Kadri Lepik wa Estonia, na Wiebe alikuwa amejiapiza kwamba leo hatamkwepa.

"Mzee, leo umefunga tai," akamdaka Renske, katibu wa jumuiya, pale mlangoni. "Kuna msiba, au unaogopa nishani tutamvisha mwingine?"

Wiebe akacheka kwa meno tu. Renske akamkumbusha kwamba nishani yake ni saa nane kamili, ukumbi mkubwa, wageni wa nchi hamsini. Akamtilia mkononi mkate wa zabibu na kumsihi ale, kwa sababu hotuba ya mwenyekiti ilikuwa ndefu kuliko safari ya treni hadi Maastricht.

Mkate akautia mfukoni.

Nishani ilikuwa ya bakteria. Mita sita chini ya kinamasi, pasipofika mwanga wala hewa, Wiebe alikuwa amegundua vinasaba vya bakteria asiyejulikana na mtu, mla gesi ile inayoipasha dunia joto. Makala yake ilisomwa kila mahali. Walichokuwa hawakijui wasomaji ni kwamba Kadri ndiye aliyemwona kwanza.

Miaka mitatu nyuma, makala ya Kadri ilimfikia Wiebe kutoka kwa jarida la jumuiya. Kwa desturi yao makala haichapwi mpaka ipite kwa wahakiki wawili, na jina la mhakiki ni siri. Mwandishi haambiwi hata akilia. Wiebe alikuwa mhakiki wa pili. Kurasa mbili zilimtosha. Bakteria alikuwa yule yule aliyekuwa akimsaka yeye katika kinamasi cha Drenthe, na binti huyu alikuwa amemtangulia nusu mwaka mzima.

Alitafuta kosa, hakuliona. Basi akalitunga. Aliandika kwamba kazi haifai mpaka irudiwe yote: kando ya kila kichupa cha udongo kiwekwe kichupa cha maji matupu, kipitishwe hatua zile zile na dawa zile zile, mwaka mzima, misimu yote minne. Kati ya watu wa vinamasi hakuna aliyejisumbua hivyo. Yeye mwenyewe hakuwahi. Alijua anajenga ukuta, hatoi ushauri. Jarida likaikataa makala ya Kadri, na miezi minane baadaye likachapa ya Wiebe.

Tangu hapo habari za Kadri zilimfikia vipande vipande, na kila kipande kilimchoma. Amepoteza nafasi yake chuoni. Anafundisha sekondari huko Tartu. Maabara anaingia Jumamosi, kwa hisani ya rafiki.

Alimkuta kwenye ubao wa mwisho kabisa, karibu na vyoo, bango lake bado limekunjwa. Mwanamke mwembamba, nywele fupi, macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Wiebe alikuwa ameirudia sentensi yake tangu alfajiri, na sasa ilikataa kutoka.

"Kadri, nina jambo la kukwambia kabla ya saa nane."

"Na mimi nilikuwa nakutafuta, Profesa. Niache nianze mimi, nikingoja nitaogopa."

Akamwachia. Woga wake ukashukuru, naye akajichukia kwa kushukuru huko.

Kadri akasimulia jinsi makala yake ilivyokataliwa, akalia wiki nzima, akamtukana yule mhakiki wa pili kwa kila tusi la Kiestonia, na Kiestonia hakina uhaba wa matusi. Kisha, kwa kuwa shingo yake ni ngumu, akafanya alichotakiwa. Misimu yote minne. Wiebe alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mwaka wangu mzima, Profesa. Jumatatu hadi Ijumaa wanafunzi, Jumamosi vichupa vya maji. Mume wangu akawa ananiuliza kama nimeolewa na ndoo."

"Kadri, huyo mhakiki..."

"Subiri kwanza."

Akalikunjua bango, lakini hakulibandika. Aliligeuzia upande wa Wiebe peke yake, mgongo wake ukiwakinga wapita njia.

"Sikutaka ulisome katikati ya watu," akasema polepole. "Bakteria wetu yumo kwenye vichupa vya maji. Vyote. Anatoka kwenye boksi la dawa za kutolea vinasaba tunalolinunua sisi sote. Kinamasini hayupo, Profesa. Hajawahi kuwako."

Wiebe akaushika ubao.

"Pole sana, najua leo ni siku yako. Ila bila yule mhakiki, aibu hii ingekuwa na jina langu. Wewe uko kwenye uongozi, siri zao unazijua. Nitafutie ni nani. Nataka kumshika mkono nimwambie asante."

"Saa nane," Wiebe akasema, "nikiitwa jukwaani, nitakutajia jina lake mbele ya watu wote. Nakuahidi."